Mmarekani wa Mwalimu Wilbrod

Mwaka wowote katika hii minne iliyopita, ungefika Kibiti ukamuulizia Mwalimu Wilbrod, usingepelekwa nyumbani kwake. Ungepelekwa gereji kwa Mshamu, nyuma ya stendi, ambako gari lake lilikuwa limelala, na yeye mwenyewe yuko kando kwenye benchi akilitetea. Nyumbani alikwenda kula na kulala tu. Mkewe, Honorata, aliwahi kusema mbele ya majirani kwamba yeye ni mke mdogo, mke mkubwa yuko gereji. Majirani wakacheka. Yeye hakucheka.

Gari lenyewe lilikuwa la Kimarekani, la milango minne, refu, la chini chini, usukani kushoto, na pua ndefu utadhani lilikusudiwa kunusa mpaka Ikwiriri. Mwalimu alilinunua kwa kiinua mgongo chake mwaka aliostaafu, kwa mgeni mmoja aliyekuja kutafuta gesi huko delta ya Rufiji, mkataba ukaisha akarudi kwao. Nyuma, juu ya bampa, palikuwa na herufi V na tarakimu 8, zinang'aa. Nani alizibandika hakuna ajuaye. Lakini ninyi mnaijua nchi hii: V8 ni gari la waheshimiwa, la kupisha barabara. Mwalimu mstaafu wa shule ya msingi akiendesha V8 yake, hata kama ni ya kutambaa chini kama kenge, ni lazima atembee kifua mbele.

Pamoja na gari alipewa kijitabu cha matangazo cha kurasa kumi na mbili, karatasi zake zinateleza. Hicho ndicho kilichomponza. Ukurasa wa saba ulisema magari ya ukoo huo yanapatikana kwa injini ya silinda nane, inayosukuma kwa magurudumu ya nyuma. Ukurasa wa tisa ulisema mengine. Mwalimu hakuupenda ukurasa wa tisa, kwa hiyo hakuusoma sana.

Basi hapo benchini mjadala haukukatika. Ungekuja asubuhi ukakuta wanabishania sura. Abdulhalim, mnunuzi wa korosho, alishikilia kwamba Mmarekani anachora gari kwa ajili ya mtu anayetazama, na Mjapani anachora kwa ajili ya mtu anayepanda, na ndiyo maana paa la gari la Mwalimu linagusa kofia. Mchana ungewakuta kwenye injini. Mudy wa bodaboda alisema Mjapani anakwambia injini ina cc ngapi, ukweli mkavu, lakini Mmarekani anakuuzia farasi mia mbili na hamsini, sasa nani kawahesabu? Kibiti farasi hajaonekana tangu enzi za Mjerumani. Mwalimu alimsubiri amalize, akafungua ukurasa wa saba, akasoma Kiingereza chake kizuri taratibu, halafu akafasiri, akiongeza hapa na pale. Jioni ilikuwa zamu ya swali kubwa kuliko yote: gari linavuta mbele au linasukuma nyuma?

Hapo Mwalimu alisimama kabisa. Mmarekani, alisema, hajui kuvuta. Kuvuta ni kazi ya punda. Pua ndefu ile imewekwa ili injini ilale kwa urefu, na injini iliyolala kwa urefu hupeleka nguvu nyuma kwa propela, chuma kirefu kinachozunguka, mpaka kwenye difu katikati ya magurudumu ya nyuma, kama lori. Aliwahi hata kuinama siku moja akaona bomba refu la chuma likipita katikati ya uvungu, na hilo likawa ushahidi wake wa mwisho. Bomba lile lilikuwa la moshi. Lakini nani wa kumwambia?

Ndiyo, nani? Nusu ya wanaume wa gereji ile aliwafundisha sayansi, wengine shule ya Mtawanya, wengine ya Bungu. Mshamu mwenyewe, fundi mwenye ndevu zilizoanza mvi, alimfundisha darasa la tano. Na Mwalimu alikuwa na mtindo wake darasani: aliandika jibu la makosa ubaoni makusudi, akageuka, akangoja mwanafunzi wa kumkosoa. Miaka thelathini na mitatu alingoja. Hakuna aliyenyoosha mkono hata mara moja. Watu wa huku wamelelewa kwamba mkubwa akikosea unamsitiri, unatazama pembeni mpaka apite. Yeye Mnyamwezi wa Sikonge aliita hali ile uzito wa kuelewa.

Utani ulikuwepo, tena mwingi, maana Mnyamwezi na mtu wa Pwani ni watani wa tangu misafara ya pembe. Walimwambia Mnyamwezi kazoea mzigo kichwani, gari la nini. Lakini utani una mpaka wake. Unamtania mtu kabila lake, unamtania mpaka maiti yake siku ya msiba. Kumuumbua mwalimu wako kwa jambo analolijua kuliko wote ni kitu kingine kabisa.

Lile gari lilitembea miezi minane. Siku linakufa lilikuwa linatoka Bungu, masika yameanza, Honorata amekaa kulia akimwambia mumewe lini apite lori na lini asubiri, kwa sababu yeye aliyeshika usukani kushoto hakuona kitu mbele ya lori. Walikunja kona, chini kukasikika kakaka, kisha injini ikanguruma na gari halikwenda. Ukikanyaga mafuta, kelele. Ukiweka gia, kelele. Likavutwa kwa trekta mpaka kwa Mshamu, na kabla Mshamu hajavua viatu, Mwalimu alishatangaza ugonjwa: propela imekatika.

Mshamu alijaribu. Siku ya tatu alisema kwa upole labda wangetazama na mbele. Mwalimu akafungua kijitabu mbele ya watu wote, akamsomesha. Mshamu akasema ahsante, Mwalimu, akanyamaza. Kununua propela Mwalimu hakumwachia fundi, alikwenda Gerezani, Dar es Salaam, mwenyewe mara sita, akazunguka maduka ya vipuri, akarudi mikono mitupu. Muuza duka mmoja alimuuliza, mzee una hakika gari lako lina propela? Alitoka dukani mle kwa hasira, na mpaka Mbagala hajatulia.

Sasa, msidhani ni gari tu. Mwalimu na mkewe walikubaliana tangu zamani kwamba akistaafu wanarudi Sikonge. Nyumba ipo, Honorata aliisimamia mwenyewe kila likizo mpaka ikaezekwa. Lakini miaka kumi iliyopita, msibani kwa baba yao, kaka mkubwa, Deusdedit, alisema mbele ya ukoo kwamba walimu wa Pwani hurudi na nazi mbili na kikohozi. Mwalimu akasimama akaapa, Biblia iko mezani, kwamba yeye hatarudi kwa basi. Atarudi akiendesha gari lake, au hatarudi. Kiapo cha hasira, jamani, ni kama kufunga mlango ukiwa ndani na kutupa ufunguo dirishani. Akapata gari, likafa, na kila masika yakiisha Honorata aliuliza, na kila mara jibu likawa propela inatafutwa.

Jumapili moja baada ya Pasaka, wametoka kanisani, simu ililia. Mama yake Honorata, bibi wa miaka themanini na tisa, ameacha kula. Kila jioni anauliza wanawe wa Pwani wamefika wapi. Honorata alisikiliza mpaka mwisho, akaweka simu kwenye meza, akaenda kutoa mabegi mawili juu ya kabati. La kwake akalipanga. La mumewe akaliacha wazi kitandani.

"Jumatano napanda basi," alisema. "Wewe panga begi lako au usilipange. Mimi nimemaliza kungoja."

Mwalimu alitoka nje kama mtu aliyemwagiwa maji. Gereji ilikuwa imefungwa lakini ua haukuwa na mlango. Akavua shati la kanisani akalitundika kwenye kioo cha pembeni, akalala chali kwenye mchanga, umri ule, na goti lake bovu, akajisukuma uvunguni huku amewasha taa ya simu. Alitaka kuiona hiyo propela iliyokatika kwa macho yake, aipige picha, awarushie watu wa Gerezani. Alifuata bomba lake kutoka nyuma. Bomba likaja, likaja, likapanda likaingia kwenye injini upande wa moshi. Difu haikuwepo. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yamesimama yenyewe, hayajaungwa na kitu chochote, yanafuata tu.

Alilala pale muda mrefu. Kisha akasogea mbele. Nyuma ya gurudumu la mbele la kushoto akaona shafti fupi imekatika, grisi imekauka pande zote. Na ncha ya ile shafti ilikuwa imefungwa kitambaa safi cha mfuko wa salfeti, kikakazwa kwa waya, mafundo mawili, ili vumbi lisiingie. Ni fundi gani anafunga kitu asichokijua? Kitambaa kilikuwa kipya, cha mwaka huu. Ina maana kila kikichakaa Mshamu anakibadilisha.

Basi walijua. Mwalimu aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni, pale pale mchangani, mtu mzima wa miaka sitini na tano. Walijua Mshamu, Mudy, Abdulhalim, na pengine muuza chai. Miaka minne wamekaa naye benchini wakibishana juu ya jambo wanalolijua, wakimwachia yeye ashinde. Alipojitoa uvunguni alikumbuka ukurasa wa tisa. Akaenda nyumbani akausoma wote, silinda sita, huvuta kwa mbele, kila kitu kimeandikwa kwa maneno mepesi.

Usiku hakulala sana, na asubuhi ya Jumatatu alikuwa ameamua. Atasema. Atamaliza aibu mara moja kama mtu anavyong'oa jino, Mshamu ataagiza shafti, Jumatano atamwambia Honorata teremsha begi, tunakwenda kwa gari letu. Aliingia gereji wakati chai imeanza kumiminwa, akasimama katikati yao, hakukaa.

"Sikilizeni," alisema. "Gari hili si V8. Lina silinda sita, na linavuta mbele. Nilikosea."

Watu wakatazama vikombe. Kisha Mudy akatabasamu, akasema Mwalimu leo anatupima. Abdulhalim akadaka hapo hapo, ndiyo, ndiyo, mnakumbuka Bungu, ubaoni? Anaandika la uwongo aone nani kalala. Wakacheka wote, cheko la watu walioshusha pumzi. Mwalimu akasema hapana, hapimi mtu, jana kaingia uvunguni kwa macho yake. Mudy akamuuliza, sasa Mwalimu, na pua ndefu yote hii iwe ya nini, kama injini hailali kwa urefu? Abdulhalim akaongeza kwamba Mmarekani hajui kuvuta, kuvuta ni kazi ya punda. Mwingine akauliza ukurasa wa saba je, nao unasema uwongo? Maneno yalikuwa yake mwenyewe, yote, kwa mpangilio wake na hata kwa sauti yake, yakirudi kumziba njia. Alijaribu tena, akapandisha sauti. Wakazidi kuwa wapole. Mtu mmoja akampisha kiti. Muuza chai akamwekea kikombe cha kwanza, chenye tangawizi nyingi kama anavyopenda, na kabla hajajua amekaa, alikuwa amekaa.

Mshamu peke yake hakusema. Alikuwa anasafisha plagi kwa petroli, ameinama. Mwalimu alimfuata nyuma ya gari, akamuuliza kwa nini. Kwa nini miaka yote hii hakumwambia. Mshamu akaifuta plagi mpaka ikang'aa.

"Mwalimu, miaka minne hukuniuliza hata siku moja," alisema. "Ulikuwa unanifundisha."

Halafu, bila kungoja jibu, akasema shafti anaijua ilipo, ameshaiulizia zamani. Akipiga simu leo itapakiwa kesho kutwa, Alhamisi iko mkononi.

Alhamisi. Siku moja tu baada ya Jumatano. Mwalimu alirudi nyumbani akamsihi Honorata aahirishe siku moja, siku moja tu, gari linapona kweli safari hii. Alimweleza yote, shafti, kitambaa, ukurasa wa tisa. Nilivyosikia mimi, alimweleza akiwa amekaa chini sakafuni, jambo ambalo Honorata hakuwahi kuliona. Honorata alimhurumia, hilo nalisema wazi. Lakini alisema ameshangojea masika manne, na mama yake hana Alhamisi za kuchezea. Akamwomba apande naye basi. Kiapo cha msibani Mungu hakukiandika, alisema, alikisikia akajua ni hasira. Mwalimu akatikisa kichwa. Deusdedit angekuwa amesimama pale stendi ya Sikonge, akitazama nani anashuka na nini.

Jumatano alfajiri alimbebea begi mpaka stendi. Konda akamuuliza, mzee, na wewe unapanda? Akasema anasindikiza. Honorata alikaa dirishani, akamkabidhi ufunguo wa nyumba, akamwambia mchele uko kwenye ndoo ya bluu. Basi likaondoka.

Shafti ilifika Alhamisi saa sita, imefungwa kwa gazeti. Mpaka saa kumi na moja Mshamu alikuwa ameshaifunga, akabadilisha betri, akasafisha tangi, akajaza upepo matairi. Mwalimu alikaa benchini akiangalia, na hakuna aliyebishana siku hiyo. Ijumaa asubuhi alikuja na begi lake, amevaa koti. Walikuwepo wote. Injini iliwaka mara ya pili, ikatulia ikaimba vizuri, na gari likajivuta kwa magurudumu yake ya mbele kutoka kwenye shimo lililokuwa limechimbika chini yake kwa miaka ile. Wanaume walilipisha pande mbili. Abdulhalim alimwombea dua fupi ya safari, na Mudy akatangulia na bodaboda kumfungulia njia.

Alifika ukingoni mwa lami akasimama. Kushoto ni Dar es Salaam, na Morogoro, na Singida, na kwao. Alipaswa kufurahi. Badala yake alikaa pale akiwaza huko aendako. Sikonge hakuna benchi. Hakuna mtu aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, hakuna wa kumwambia shikamoo Mwalimu akipita. Kule ni Wilbrod, mdogo wake Deusdedit, yule aliyepotelea Pwani, na sasa amekuja na gari kuukuu la silinda sita. Siku mbili, tatu, watalizoea gari, kisha watamtazama yeye. Lori moja likapita, likapita la pili, barabara ikawa nyeupe. Hakukanyaga mafuta.

Simu ililia. Honorata alikuwa amefika jana usiku. Mama amekunywa uji nusu kikombe, anauliza mkwewe yuko wapi, je, gari limepona, ameondoka? Mwalimu aliusikia ulimi wake ukijibu kabla yake. Alisema limepona, limepona kabisa, isipokuwa kuna mlio, kama kitu kinagonga huku nyuma, na safari ni ndefu, ni hatari, ngoja kwanza fundi asikilize.

 Miaka thelathini na sita ya ndoa Honorata alimwita Baba Imani.

"Wilbrod," alisema. "Gari lako linavuta mbele. Nyuma hakuna kitu cha kugonga."

Akakata simu.

Mwalimu alikaa na usukani mkononi. Nyuma yake bajaji zilianza kupiga honi. Akaweka gia ya nyuma, zikampisha, akarudi taratibu, akalirudisha gari pale pale kwenye shimo lake. Watu walikuwa bado wamesimama. Wakatazama pembeni. Mshamu peke yake alisogea, akafungua mlango wa dereva, akamsaidia kutoka kwa lile goti.

"Kuna mlio, Mshamu," alisema Mwalimu. "Huku nyuma. Hebu sikiliza."

Injini ilikuwa imeshazimwa. Mshamu alikwenda nyuma ya gari, akapiga magoti mchangani, akaweka sikio lake kwenye gurudumu. Akalishikilia pale, amefumba macho, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Naam, Mwalimu," alisema. "Nausikia."